Bushi za Gari Kuukuu Zinapolia: Kuzitambua, Kuzipaka Grisi na Kuzibadilisha

Unapoliingiza gari kuukuu kwenye feri pale Likoni, Mombasa, unaendesha taratibu, vioo umeshusha kwa sababu ya joto, na tairi moja linapanda ukingo wa mlango wa chuma kabla ya la pili. Bushi, yaani kile kipande cha mpira kinachokaa kati ya vyuma vya chini ya gari, ikiwa kavu au imechanika utaisikia hapo hapo: nyiiii, mfano wa bawaba ya mlango iliyoingia kutu. Utausikia tena mlio huo kwenye matuta ya mtaani, na unaposhuka garini na bodi likainuka. Ukiwa barabara kuu unapotea, si kwa kuwa bushi imepona, bali kelele za tairi na upepo zimeufunika.

Wenye magari wengi humaliza mambo kwa kopo la mafuta ya kupuliza. Mlio unanyamaza siku tatu, kisha unarudi na nguvu zaidi. Wengine hukubali kubadilishiwa kila kitu cha mbele na bado gari likatoka gereji likilia, kwa sababu bushi iliyokuwa ikilia haikuguswa. Jua kwanza ni bushi ipi na ni ya aina gani, ndipo ufungue mfuko.

Bushi si za namna moja

Bushi ya stebilaiza ni kipande cha mpira chenye umbo la herufi D, kimepasuliwa upande mmoja ili kivikwe kwenye fimbo ya stebilaiza (ile inayounganisha pande mbili za gari ili lisilale kwenye kona), kisha kikabanwa kwenye chesisi kwa kishikizo cha bati na bolti mbili. Fimbo huzunguka kidogo ndani ya mpira huo kila tairi moja linapopanda kuliko jingine. Kwa hiyo chuma na mpira vinasuguana tangu siku ya kwanza, na mpira ukikauka au mchanga ukiingia, hulia. Hii ndiyo bushi inayosumbua zaidi, na ndiyo rahisi zaidi kutengeneza.

Bushi ya mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu kwenye chesisi na ambao mafundi huuita loa amu, ni kitu kingine kabisa. Ina bomba la chuma la nje lililoshindiliwa kwenye mkono, bomba dogo la ndani linalopitisha bolti, na mpira katikati ulioshikamanishwa na mabomba yote mawili kiwandani. Bolti ikikazwa, bomba la ndani halizunguki hata chembe. Mkono unapopanda na kushuka hakuna kinachoteleza. Mpira wenyewe ndio unaojipinda na kujirudisha. Ndiyo maana bushi ya aina hii ikilia, grisi haina kazi hapo. Mlio unasema mpira umeachana na chuma, au umechanika, au bolti imelegea na bomba la ndani linazunguka.

Kuna na bushi ngumu za poliyurethani (aina ya plastiki), mara nyingi nyekundu au za njano, ambazo watu huzifunga wakidhani ni dawa ya kudumu. Zinadumu kweli, lakini nyingi zimetengenezwa ziteleze, na zikifungwa bila grisi yake ya silikoni zitalia kuliko mpira wa zamani.

Pwani inazilaje

Chumvi huanza na chuma. Upepo wa bahari, na maji ya bahari yanayotapakaa kwenye vivuko, huingiza kutu kati ya fimbo ya stebilaiza na mpira wake. Kutu ile ina punje kali kama msasa, nayo hukwangua mpira kutoka ndani. Vumbi jeupe la mawe ya matumbawe, lile la barabara za ndani za Kisauni na Likoni, hukaa kwenye upenyo huo huo. Mvua za masika zikinyesha, mlio hupungua kwa sababu maji yanalainisha. Kaskazi ikirudi na ukavu wake, gari linaanza tena.

Adui mwingine anatoka kwenye gari lenyewe. Mafuta ya injini au ya usukani yakidondokea bushi, mpira huvimba na kuwa laini kama ubani uliotafunwa. Ukiona bushi moja imevimba na ya upande wa pili ni nzima, tazama juu yake kuna kinachovuja. Usipoziba kwanza, bushi mpya nayo itakwenda njia hiyo.

Na ukioshesha gari chini, uliza maji ni ya wapi. Visima vingi vya Kisiwani Mombasa vina maji ya chumvi chumvi. Kuosha chesisi kwa maji hayo ni kuongeza kile ulichotaka kukiondoa. Maliza kwa ndoo mbili za maji ya mfereji.

Kuitafuta inayolia

Egesha mahali tambarare pasipo na kelele, asubuhi kabla ya mtaa kuamka. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya tairi. Mwambie mwenzako akandamize bodi juu ya tairi la mbele na kuliachia, kwa mwendo mmoja usiobadilika, huku wewe ukiwa umelala kando na tochi. Usipeleke mkono karibu na springi.

Chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja hivi. Ncha moja iweke sikioni, ya pili isogeze karibu na kila bushi. Sauti ya chuma husafiri mwili mzima wa gari na kukudanganya. Mpira huu unakuletea ya pale ulipoelekeza tu. Ukidhani umeipata, thibitisha kwa maji. Jaza chupa ya kupulizia maji na tone la sabuni, lowesha bushi hiyo moja peke yake, kisha mwenzako akandamize tena. Mlio ukikatika au ukibadilika, umeipata. Usipobadilika, subiri pakauke, nenda kwenye bushi inayofuata. Kosa la kawaida ni kulowesha zote kwa pamoja: kelele inakwisha na hujajifunza lolote.

Sikiliza pia aina ya sauti. Mlio mwembamba wa kuvutika unatoka kwenye mpira. Kugonga, ko-ko-ko kwenye mashimo madogo, mara nyingi ni linki za stebilaiza, vile vijiti vifupi vinavyoshika ncha za fimbo yake. Mlio unaotokea ukizungusha usukani gari likiwa limesimama unaweza kutoka kwenye bearingi iliyo juu ya shoki, au kwenye boljointi iliyokauka, yaani kiungo cha duara kati ya mkono wa chini na gurudumu. Boljointi usiiache hata kwa wiki moja: ikichomoka, gurudumu hulala na gari haliongozeki tena. Inua gurudumu, ingiza mtaimbo chini yake na uinue juu chini. Ukiona boljointi inacheza kwa kulegea, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, mlio baadaye.

Sasa itazame bushi kwa karibu. Ile ya mkono wa chini ipanguse vumbi kwa kitambaa, mulika tochi kwa ubavu, na usukume mkono kidogo kwa mtaimbo. Nyufa fupi za juu juu, kama za tope lililokauka, ni uzee tu. Lakini ufa ukifunguka unaposukuma na ukauona mwanga au weusi mbichi wa ndani, au ukiona mstari wa vumbi la kutu ya kahawia ukizunguka bomba la ndani, mpira umeachana. Kumbuka tu kwamba baadhi ya bushi kubwa za nyuma ya mkono zina mapengo yaliyoachwa makusudi na kiwanda. Pengo lenye kingo laini za mviringo si ufa.

Vifaa

Jeki nzuri na stendi mbili ni lazima. Kwenye viwanja vya mchanga stendi huzama, kwa hiyo weka chini yake ubao mzito wa upana wa sentimita 30 hivi. Gari lililoshikwa na jeki peke yake usiingie chini yake, hata kwa dakika moja. Soketi za milimita 12, 14, 17 na 19 hutosha kwa magari mengi ya Kijapani, na 21 ya nati za magurudumu. Ongeza mtaimbo, brashi ya waya, msasa laini namba 400, mafuta ya kulegeza kutu, tyubu ya grisi ya silikoni, alama ya rangi, na futi ya kupimia.

Grisi iwe ya silikoni kweli. Grisi ya kawaida ya bearingi, mafuta ya injini na dizeli hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, nayo huulainisha mpira wa asili na kuuvimbisha. Ndiyo sababu mlio hurudi vibaya zaidi baada ya kupuliziwa mafuta ovyo.

Kazi ya stebilaiza

Inua mbele yote, magurudumu mawili yakining'inia sawa. Ukiinua upande mmoja tu, fimbo hubaki imejipinda kama springi, na kishikizo kinaweza kuruka unapotoa bolti ya mwisho.

Piga brashi ya waya kwenye bolti za vishikizo, pulizia mafuta ya kulegeza, subiri dakika 20. Legeza polepole. Ikigoma, ikaze kidogo sana kwanza, halafu legeza. Kwenda mbele na nyuma huvunja kutu bila kuvunja bolti. Fanya upande mmoja kwa wakati ili fimbo isihame. Baadhi ya magari yana nafasi finyu kati ya stebilaiza na raki ya usukani, na inabidi kiunzi kinachobeba injini kishushwe kidogo. Ikiwa lako ni hivyo, hii ni kazi ya gereji yenye jeki ya pili, si ya uani.

Chomoa mpira na uutazame ndani. Ukiwa bado na unyumbufu, tundu ni la mviringo na linabana, unaweza kuusafisha na kuurudisha. Tundu likiwa limekuwa la yai, au mpira umeng'ara na kuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, tupa. Sugua fimbo mahali pa bushi kwa msasa mpaka kidole kipite bila kukwama, osha kwa maji ya sabuni, kausha kabisa. Fimbo iliyoliwa na kutu mashimo mashimo itakata mpira mpya baada ya miezi michache.

Kabla ya kununua, pima unene wa fimbo. Modeli moja ya gari inaweza kuwa na fimbo za unene tofauti, na milimita moja au mbili zinatosha kuharibu kazi: tundu likizidi, linagonga, likipungua, linabana na kulia. Nenda dukani na kipimo, tena na bushi ya zamani mkononi, na ukatae maneno ya "hii inaingia tu".

Ikiwa bushi mpya ina bitana ya kitambaa laini ndani, ifunge kavu, ndivyo ilivyokusudiwa. Isiyo na bitana, paka utando mwembamba wa silikoni ndani ya tundu. Nusu kijiko cha chai kwa kila bushi ni tele. Mpasuko uelekee ulikokuwa ule wa zamani. Rudisha kishikizo, shika bolti zote mbili kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa zamu. Bolti hizi ni ndogo, na kwenye magari madogo mengi hukazwa mahali fulani kati ya Nm 19 na 40 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukazia), kwa hiyo usiziegemee kwa bomba refu. Kazi hii haigusi alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu.

Kazi ya mkono wa chini

Hapa panataka moyo wa subira, maana ndipo bushi mpya nyingi huuliwa siku ya kufungwa.

Kabla ya kuinua gari, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, ukiandika upande wa kushoto na wa kulia. Kipimo hiki utakihitaji mwishoni. Usiku uliotangulia, pulizia bolti za mkono mafuta ya kulegeza, asubuhi rudia. Chumvi hugandisha bolti ndani ya bomba la bushi. Ukilazimisha, kichwa hukatika au nati iliyochomelewa ndani ya kiunzi hung'oka, na kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili.

Toa gurudumu, tenganisha linki ya stebilaiza ikiwa imefungwa kwenye mkono, kisha tenganisha boljointi. Kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, boljointi imefungwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo huhitaji kuichomoa kwa nyundo. Toa bolti za bushi ya mbele na ya nyuma, vuta mkono nje. Kwenye magari mengine ya gia otomatiki, bolti ya upande mmoja hugota kwenye gia boksi kabla haijatoka, na inabidi injini iinuliwe au kiunzi kishushwe. Tazama njia ya kutokea ya bolti kabla hujaanza.

Weka alama ya rangi kwenye mkono kuonyesha mapengo ya bushi ya nyuma yalielekea wapi, na pima bushi ilijitokeza milimita ngapi kila upande. Mapengo hayo huiruhusu bushi kuwa laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Ukiifunga imegeuka robo duara, gari litavuta ukifunga breki, na bushi itapasuka mapema.

Kuitoa kwataka presi. Gereji yenye presi ya haidroliki ya tani 12 au 20 itaimaliza kwa dakika chache, na kwa maoni yetu hapa si mahali pa kubana senti. Pasipo presi, fimbo ya chuma yenye nyuzi kama za bolti, unene milimita 14, washa nene (pete za chuma za kuwekwa chini ya nati) na kipande cha bomba pana huvuta bushi ndogo vizuri. Bushi iliyogoma, toboa mpira utoke, pitisha msumeno wa chuma ndani ya bomba la nje na ulikate kwa urefu, ukisimama kabla hujagusa mkono wenyewe. Jihadhari na fundi wa kuchoma bushi kwa moto. Moshi wake ni sumu, rangi huungua, na mkono wa bati uliopoteza rangi karibu na bahari unaanza kutu mwezi huo huo.

Safisha tundu, paka maji ya sabuni, na ushindilie bushi mpya kwa kusukuma bomba la nje. Ukisukuma mpira au bomba la ndani, unakata ule mshikamano wa kiwandani kabla gari halijatembea. Bushi ikienda mshazari, simama, itoe, anza upya.

Ikiwa boljointi nayo imechoka na imeshindiliwa humo humo kwenye mkono, nunua mkono mzima. Mkono wa mtumba kutoka Japani una chuma kizuri, lakini mpira wake una umri wa gari ulikotoka. Uchukue kwa ajili ya chuma na uutie bushi mpya.

Kukaza

Rudisha mkono, ingiza bolti, zishike kwa mkono tu. Usizikaze bolti hizo gurudumu likining'inia. Ukikaza hapo, mpira unazoea hali ya kuning'inia. Gari likishushwa, mkono unapanda na mpira unabaki umesokotwa muda wote, hata limeegeshwa. Kila tuta linausokota zaidi, na bushi inachanika ndani ya miezi badala ya miaka.

Weka jeki chini ya mkono karibu na boljointi, inua mpaka kile kipimo ulichoandika cha katikati ya gurudumu na madigadi kirudi. Gari likianza kunyanyuka kutoka kwenye stendi kabla hujafika, simama: shusha gari magurudumu yakae juu ya ngazi za chuma za kupandishia gari, litikise mara tatu au nne litulie, kisha kaza kutokea chini. Bolti za mkono mara nyingi hupita Nm 100, kwa hiyo fuata namba ya gari lako. Usipokuwa na spana ya kupima nguvu, kuning'iniza uzito wa kilo 20 kwenye ncha ya mpini wa nusu mita, mpini ukiwa umelala, kunakupa takriban Nm 100. Nati za magurudumu za Corolla ni Nm 103, zikikazwa kwa msalaba.

Nati za kujibana zenye plastiki au shingo iliyofinywa zisirudiwe. Bolti ikiwa na kutu iliyoingia ndani, weka mpya, na upake shina lake grisi nyembamba mahali panapopita kwenye bomba la bushi ili chumvi isiigandishe tena. Nyuzi ziache kavu.

Mkono ukishatoka na kurudi, gari lipelekwe alaimenti kabla tairi halijaanza kuliwa ukingo mmoja. Endesha kilomita mia moja kwa kawaida yako, halafu lala chini tena na spana: kagua bolti za mkono, za boljointi na za linki, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

Mlio ukibaki baada ya yote haya, rudia mpira wa maji sikioni, safari hii ukianzia nyuma: bushi za ekseli, mipira ya kuning'iniza ekzosi, na kwa wenye Hiace, majani ya springi na bushi za shakeli zake, yaani vishikizo vinavyoning'iniza springi hizo. Mlio wa nyuma hupenya chini ya viti na kusikika kana kwamba unatoka miguuni mwa dereva.